Mluzi wa Mwanya

Ilikuwa mwaka ule mvua ilipobomoa ukuta wa nyuma wa kituo cha redio. Hapana, nakosea. Ukuta ulibomoka mwaka uliotangulia. Mwaka huu ninaousema, ukuta ulikuwa umeshajengwa upya na kupakwa rangi ya kijani ambayo hakuna aliyeipenda, na waliopita karibu nao walirudi nyumbani na mabega ya kijani. Basi ni katika mwaka huo wa ukuta wa kijani ambapo mtu aliyeitwa Sikio alifuta sauti ya marehemu mke wake kwa mkono wake mwenyewe, huku akipigiwa makofi.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Pale kituoni, kuanzia mlinzi wa getini mpaka bosi, wote walimwita Sikio. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kioo kwenye chumba cha mitambo, hedifoni kichwani, na kuamua sauti ipi iingie kwenye kanda na ipi irudi kwao. Mwimbaji aliweza kuja amevaa suti ya kuazima, amenyoa, amekunywa maji ya moto tangu asubuhi ili koo lilainike, na kule korido mama yake mzazi na shangazi yake wamekaa kwenye benchi wanamwombea. Anaimba mstari mmoja. Sikio anabonyeza kitufe, na sauti yake inatokea kwenye spika ya kule ndani.

"Umemaliza?"

"Bado mzee, ndio kwanza naanza."

"Umemaliza."

Mwingine alimwambia kwamba sauti yake ni nzuri, na itamfaa sana siku akipata kazi ya kuita abiria. Mwingine, mtu mzima mwenye watoto, alimwimbisha neno moja tangu chai mpaka chakula cha mchana, kisha akamshukuru na kuzima taa. Watu walisema ana roho ya korosho. Lakini hawakusema kwamba anakosea, kwa sababu siku zile hakuwa anakosea. Kiti kikiwa na skrubu iliyolegea chini ya mpiga kinanda, Sikio alikisikia kupitia bendi nzima, akasimamisha bendi, akaita bisibisi.

Mkewe alimpata kwa njia hiyohiyo ya kumkataa.

Alikuja na bendi moja ya vijana, msichana mrefu, mwembamba, na katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya wa kupitisha kijiti cha kiberiti. Kila alipoimba herufi ya s, pumzi ilipenya kwenye ule mwanya ikatoa mluzi mwembamba kabisa, juu sana, juu ya gitaa, juu ya kila kitu. Na wimbo wenyewe, alioutunga yeye, ulikuwa umejaa hizo herufi kama vile alikuwa anamchokoza mtu: *Sisi si wa siku moja, siri yetu si ya soko.* Sikio alimsimamisha. Akamsogeza nyuma ya maikrofoni. Akamgeuza ubavu. Akaivisha maikrofoni soksi. Mluzi ukabaki palepale. Mwishowe alibonyeza kitufe, bendi nzima ikisikia.

"Dada, nenda kazibe meno, halafu urudi."

Bendi ikacheka. Yule msichana hakulia. Alisogea karibu na kioo, akauliza, "Nizibe kwa nini, mzee? Saruji?"

Jibu hilo ndilo lililomfanya Sikio amtafute mpaka kwao. Lakini kwanza alichukua kalamu nyekundu akaandika HAIFAI juu ya boksi la ile kanda, akaipeleka stoo, kwa kuwa kanda yoyote iliyorekodiwa ilikuwa lazima iwekwe, hata ya aibu. Na jina la Sindano, kwa ule mluzi unaochoma, ambalo lilimfuata yule msichana mpaka kwenye sherehe ya ndoa yake, yeye Sikio ndiye aliyelianzisha.

Hakumkataza kuimba. Hilo alilisema mara nyingi baadaye, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Lakini mke akianza kuimba jikoni, mume alinyanyua unyusi mmoja, kama anavyofanya nyuma ya kioo, na mke akanyamaza. Basi akawa anaimba mume akiwa kazini, kwenye beseni la nguo, na msikilizaji wake alikuwa mtoto wao mmoja, wa kike. Huyo mtoto alizoea kucheza kwa majirani, na hakuitwa kwa jina. Mama aliimba tu, ule mluzi ukavuka ukuta, na mtoto akajua ni wakati wa kurudi nyumbani.

Mama huyo aliugua koo. Sauti ilitangulia kwenda, ikabaki minong'ono, kisha akafuata mwenyewe. Binti alikuwa keshakuwa mtu mzima, msusi mwenye saluni yake pale kwenye kona, na matanga yalipokwisha alimwomba baba yake kitu kimoja tu.

"Baba, ile kanda uliyomkatalia mama. Nataka niisikie."

"Kanda haitoki stoo. Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

"Basi nitakuja mimi hukohuko."

"Wageni hawaingii."

Binti hakubishana. Alikuwa na tabia ya mama yake, ya kunyamaza mpaka wewe ndiye uone aibu. Miaka ikapita hivyo, baba akija saluni kunyolewa, binti akimnyoa, na ile kanda ikiwa imekaa katikati yao kama mtu wa tatu. Mpaka kustaafu kulipokaribia, mzee akalegea kidogo, akasema shingo ikiwa imeinama mbele ya mashine ya kunyolea, "Nitakuletea sauti ya mama yako kabla sijaondoka pale."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi. Tazama masharubu."

Sasa ndipo inapoingia habari ya kompyuta. Kanda za stoo zilikuwa zimeanza kuoza, zikinuka siki, na Mama Stoo, mwanamke aliyezitunza tangu akiwa msichana, alikuwa anazipangusa huku amefunga pua kwa kitambaa. Ikatoka amri kwamba nyimbo zote ziingizwe kwenye kompyuta, na kanda zenyewe zifutwe, ziuzwe plastiki yake. Akaletwa kijana, fundi wa mambo hayo, aliyeitwa Injinia hata na watu waliomzidi umri. Tatizo likawa nafasi. Diski zilikuwa ndogo, na njia ya kupelekea vipindi kwenye matawi ilikuwa nyembamba, kwa hiyo kila wimbo ulitakiwa ubanwe kwanza.

"Mnaubanaje?" Sikio aliuliza.

"Mzee, sauti ina ghorofa," Injinia alisema. "Ghorofa za chini ndizo zinazoishi watu. Ngoma, besi, maneno yenyewe. Hizo tunaziweka zote kama zilivyo. Huko juu kuna vitu vyembamba tu, pumzi, mikwaruzo, s na sh, vinakula nafasi bure. Tunapabomoa."

"Mnapabomoa."

"Tunabakiza maelezo mafupi. Hapa palikuwa na nguvu kiasi hiki, hapa kiasi kile. Siku ya kupiga wimbo, kompyuta inachukua nakala ya ghorofa za chini, inaipandisha juu, inaikoleza na kuififisha kufuata yale maelezo. Msikilizaji hatajua kama jengo liliwahi kubomolewa."

Sikio alimtazama kama alivyowatazama wale wa suti za kuazima. "Yaani mtu umemkata kichwa, ukamtengenezea kingine kwa nyama ya paja."

"Kikiwa na macho na pua, mzee, nani atagundua?"

"Wa nyumbani kwake."

Bosi alikuwepo. Alikuwa mtu wa tabasamu, na alijua kwamba Sikio akisema neno baya juu ya mtambo huo, waimbaji wa zamani watalisikia, kisha magazeti, na yule mwenye kiti juu ya kiti chake. Akamshika mzee bega. "Basi wewe ndiye jaji. Tufanye jaribio. Ukisema haifai, haifai, na kanda zinabaki stoo."

Sikio akachagua mwenyewe wimbo wa kujaribia. Alishuka stoo, akarudi na boksi lenye maandishi mekundu. Mtambo ukiweza kuukamata mluzi huu, alisema, utakamata chochote. Moyoni alikuwa na hesabu nyingine. Nakala ikiwa mbovu, ataikataa, na kanda ya mke wake itabaki. Ikiwa nzuri, basi mke wake yumo kwenye kompyuta mzimamzima, na binti atapelekewa. Aliona kwamba kwa vyovyote vile hakuna atakachopoteza.

Alichokuwa hakijui ni hiki. Kwa miaka kadhaa kitufe cha sauti za juu kwenye mtambo wake kilikuwa kinasogea kulia, kuziongeza, kidogo kidogo, na anayekisogeza ni yeye. Watangazaji walilalamika kwamba s zao zinachoma masikio. Mama Stoo alimwambia kwa utani kwamba redio yao siku hizi inakaanga samaki. Sikio alisema maikrofoni zimezeeka, zikabadilishwa. Akasogeza tena. Kukaa maisha yote na hedifoni zinazopiga kelele kulikuwa kumemla masikio kuanzia juu, taratibu, bila maumivu yoyote, na hakuna mtu anayesikia kwamba hasikii.

Jaribio lilikuwa na utaratibu wake, unaofuatwa na wote wanaopima sauti. Kwanza unapigiwa kanda yenyewe na unaambiwa ndiyo hiyo. Halafu unapigiwa tatu bila kuambiwa ipi ni ipi, na unaipa kila moja alama. Moja ni ileile kanda tena. Moja ni nakala iliyobanwa. Na ya mwisho imeharibiwa makusudi, imekatwa juu yote na hakikurudishwa kitu, inasikika kama spika iliyofunikwa blanketi. Hiyo ya blanketi imewekwa kumpima msikilizaji mwenyewe. Asiyelitambua blanketi anashukuriwa, anapewa soda, na alama zake zinatupwa. Na habari ya blanketi msikilizaji haambiwi.

Sikio alikaa, akafumba macho. Kanda ikaanza, na mke wake akawa pale, mrefu, mwembamba, amegeuzwa ubavu, soksi mbele ya mdomo. *Sisi si wa siku moja.* Mluzi ukatoka kwenye mwanya. Aliusikia vizuri sana. Ikaja ya kwanza, akausikia. Ikaja ya pili, akausikia. Ikaja ya tatu, akausikia. Akafumbua macho, akazipa zote alama za juu kabisa.

Injinia aliikodolea macho ile karatasi. "Hata ya tatu, mzee?"

"Hasa ya tatu. Ya tatu imetulia. Imesafishika."

Ya tatu ndiyo iliyokuwa blanketi.

Upande wa pili wa kioo walikuwa wamesimama bosi na watangazaji wawili, na Injinia alipotoka akawaonyesha karatasi. Sikio aliwaona midomo ikifunguka, mabega yakitikisika, mmoja akajishikiza ukutani, mwingine akajipangusa macho kwa tai. Kioo kilikuwa kinene, hakikupitisha kitu. Akadhani wamefurahi. Akawanyanyulia dole gumba. Nao wakamnyanyulia.

Yaliyosemwa kule korido yeye aliyapata baadaye kwa Mama Stoo, aliyekuwa anapita na toroli lake.

"Kwa utaratibu, bosi, alama zake tunazitupa," Injinia alisema. "Mzee huyu huko juu hana kitu. Ni nusu kiziwi."

"Ukizitupa za Sikio utawatangazia watu za nani? Zako? Nani anakujua wewe?"

"Basi angalau tumwambie."

"Mwambie wewe."

Hakuna aliyemwambia. Walichofanya ni kumpa jina jipya. "Blanketi keshafika?" walikuwa wakiulizana asubuhi, na yeye amesimama palepale anatia saini ya kuingia. "Blanketi leo kavaa shati zuri." Siku moja akauliza, kwa upole, huyu Blanketi ni mfanyakazi mpya, mbona hajatambulishwa kwake.

"Mgeni kidogo, mzee," mtangazaji mmoja alimjibu.

"Yuko idara gani?"

"Idara yako."

Akasema basi atamtafuta amkaribishe. Watu walitoka nje kwenda kucheka.

Siku ya kufuta kanda ilifanywa sherehe ndogo uani, mbele ya ule ukuta wa kijani. Viti vya plastiki, waandishi wachache, vipaza sauti. Mtambo wa kufutia ulikuwa kama meza ya chuma yenye sumaku kubwa tumboni. Unatelezesha kanda juu yake mara moja, na kilichomo kinaondoka, inabaki utepe mtupu. Bosi alihutubia. Alisema Sikio la kituo limesikia na limeridhika, na ambaye ana wasiwasi aseme yeye anasikia kuliko Sikio. Watangazaji walitazama viatu vyao. Kisha akatangaza kwamba heshima ya kanda ya kwanza ni ya mzee wetu.

Kanda ya kwanza ikawa ile iliyokuwa karibu, na iliyokuwa karibu ni ile ya jaribio, haijarudishwa stoo. Mama Stoo ndiye aliyeileta. Alipomkabidhi alimwinamia.

"Mzee, hii si ya marehemu? Ngoja nikuletee nyingine. Za hotuba zimejaa tele, hazina mwenyewe."

"Hiihii," Sikio alisema. "Mwache aongoze. Yumo kwenye kompyuta, mzima. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Una uhakika?"

Sikio akanyanyua unyusi. Mama Stoo akarudi nyuma. Mzee akaitoa kanda kwenye boksi la maandishi mekundu, akaitelezesha juu ya meza. Mtambo ukanguruma, mngurumo mzito wa chini, huo aliusikia barabara. Watu wakapiga makofi, na yeye akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyemaliza kazi ya maisha yake yote.

Wiki hiyohiyo alikwenda saluni na flashi mfukoni. Amevaa koti. Ndani kulikuwa na wateja wawili, mmoja kakaa chini ya draya na rola kichwani, mwingine kasukwa nusu kichwa, nusu ya pili imesimama kama ufagio. Harufu ya mafuta na nywele zilizoungua. Binti alipoambiwa kilichomo, aliacha kusuka. Alizima draya. Akaomba radhi kwa wateja. Akaichomeka flashi kwenye redio yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, yeye ambaye hakai.

Gitaa likaanza. Kisha sauti ya mama yake, msichana mdogo kuliko yeye alivyo sasa. Uso wa binti ulifunguka wote. Ndipo ikaja s ya kwanza, na uso ukaanza kufungika.

"Rudisha nyuma," alisema.

Akarudisha mwenyewe. Akasikiliza tena. "Mluzi uko wapi?"

"Si huo," baba alisema.

"Wapi?"

"Huo hapo. *Sisi*. Umepita."

"Baba, hapo hakuna mluzi. Hapo ni kama maji yamemwagikia kikaango."

"Kweli, hata mimi nasikia kama mafuta," alisema mwenye rola.

"Nyamaza, dada yangu, wewe hukumjua mama." Akamgeukia baba yake. "Huyu siye. Huku chini ni yeye, huku juu kawekewa mtu mwingine."

Sikio alicheka kidogo. Akasema masikio ya kazi ile yanataka mafunzo, mtu wa kuchana nywele hawezi kuyapata hivihivi. Na akanyanyua unyusi.

Ni ule unyusi uliomponza. Binti alisimama, akamshika mabega, akamgeuza uso ukutani, mbele ya kalenda. Ile draya ilikuwa na king'ora kidogo cha kukumbusha kwamba muda wa mteja umekwisha, kijisauti chembamba. Binti alikizungusha kikaanza kulia.

"Umesikia?"

"Nasubiri uanze."

Yule wa nusu kichwa alicheka, akajiziba mdomo.

"Inalia, baba."

"Haijalia."

"Inalia sasa hivi. Dada, inalia hailii?"

"Inalia mzee," alisema mwenye rola, safari hii kwa sauti ya chini. "Mpaka inaudhi."

Sikio aligeuka. Kitaa chekundu cha draya kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, na chumba kilikuwa kimya kabisa. Alikisogelea akainamia. Akaweka sikio la kulia, akaweka la kushoto, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Wateja waliacha kucheka.

Binti hakuacha. "Tangu lini?"

"Sijui."

"Mama alipokuwa mgonjwa, ulikuwa hivi?"

"Sijui, mwanangu."

"Siku za mwisho hakuwa na sauti, alikuwa na pumzi tu. Alikuwa anakuita kutoka chumbani, na wewe umekaa sebuleni, mlango uko wazi, unasoma gazeti. Anaita, unageuza ukurasa. Mimi nikija aliniambia, baba yako anafanya makusudi. Anasubiri niimbe vizuri ndipo aje." Alikuwa anazungusha kitana mkononi. "Amekufa anajua hivyo."

Sikio alisema alidhani amelala. Alisema kila alipochungulia alimkuta amefumba macho, ndiyo maana alikuwa anatembea polepole asimwamshe. Maneno hayo aliyasema akikitazama kile kitaa chekundu.

"Sawa," binti alisema. "Niletee kanda yenyewe. Nitatafuta mtambo wa kuipigia."

Baba alianza kufunga vifungo vya koti.

"Baba, kanda iko wapi?"

Akamwambia. Habari yote, mpaka makofi. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachomoa flashi, akaipangusa mafuta kwa aproni yake, akamtilia mfukoni mwa koti, vizuri, kama unavyomfungia mtoto chakula cha njiani. Akachukua kitana akarudi kwenye kile kichwa cha nusu.

"Nenda, baba. Mteja anasubiri."

Na akaiwasha draya.

Alikwenda kituoni moja kwa moja. Injinia alikuwa kwenye chumba cha mitambo, katika kiti kilekile, maana kiti kilikuwa kizuri.

"Mlijua," Sikio alisema.

Kijana hakujifanya hajui ni nini. "Tulijua, mzee."

"Na mluzi umekwenda wapi?"

Injinia alieleza, macho yakiwa kwenye skrini. Kompyuta ilipewa maelezo kwamba pale juu palikuwa na nguvu. Haikuambiwa kwamba ile nguvu ni mluzi mmoja mwembamba. Kwa hiyo ikapandisha makelele ya chini ikayamwaga pale. Ipo namna ya kuiambia, hapa pana mluzi, uuweke mahali pake. Inakula nafasi kidogo tu zaidi. Walikuwa nayo. Wakaizima.

"Kwa nini mkaizima?"

"Wewe ulisema zote sawa, mzee. Hata ile isiyo na kitu kabisa. Bosi akasema, sasa nafasi tuimalizie nini."

Sikio alivuta kiti cha wageni, kile walichokuwa wakikalia waimbaji kusubiri hukumu, akakaa. Hakugomba. Bado alikuwa anausikia mluzi. Alikuwa amekuja njia nzima anausikia, katikati ya magari na wauza vocha, kila mtu aliyepita akitamka s. Lakini aliusikia pia kwenye ile ya tatu, ambamo haukuwemo. Na kwenye nakala, ambamo palikuwa na kikaango. Kwa hiyo hakujua tena kama anaousikia ni ule uliotoka kwenye mwanya wa yule msichana, au kichwa chake nacho kilishabomoa ghorofa ya juu zamani, kikapandisha kitu chochote kilichokuwa chini kikakipaka rangi. Kwenye dunia nzima mtu mwenye masikio mazima aliyeisikiliza ile kanda kabla haijafutwa, akaisikiliza kweli, alikuwa mmoja, huyu kijana.

"Mwanangu, wewe uliisikia," alimwambia. "Sikuulizi mengine. Nitakupigia mluzi kwa mdomo, uniambie tu kama ndio."

Akalowanisha midomo, akapiga. Kilichotoka yeye hakukisikia. Aliona tu Injinia amekunja uso, amegeukia mitambo, na amevaa hedifoni.

Alimpigia mluzi Mama Stoo, ambaye alisema mzee, mimi nilikuwa nazipangusa, nilikuwa sizisikilizi. Alimtafuta mpiga gitaa wa ile bendi, akamkuta mzee mwenzake, naye masikio yameshakwenda. Alistaafu, wakampa saa ya ukutani. Saluni anapita mpaka leo, haingii, anasimama mlangoni draya ikivuma, analowanisha midomo, anapiga kitu ambacho yeye mwenyewe hakipati, anamtazama binti yake mgongo.

"Huu hapa, mwanangu. Ndio wenyewe, au nimeutengeneza?"